Minyoo wa Mfongo na Jembe la Pili la Baba

Marangu,
Jumapili, baada ya ibada.

Mpendwa kaka Ezra,

Shikamoo kaka, na Bwana asifiwe. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima huko Sanya Juu, wewe na wifi Epifania na watoto, na kwamba kifua cha mdogo kimepona. Sisi huku hatujambo. Baba anakula mtori wake vizuri. Mguu wa kulia bado anauburuta, na maneno ndiyo hayajarudi. Ng'ombe amezaa dume tena, kama kawaida yake ya kutuudhi. Najua utashangaa kuletewa barua wakati simu ipo. Mathayo anakuja soko la huko kufuata maharage, nami nimembembeleza akupitie. Sababu ya karatasi utaiona chini, lakini usiruke.

Kwanza habari za kazini, maana hapa kijijini nikizianza watu huaga. Unajua kazi yangu ya maabara pale shuleni Moshi ni kuosha chupa na kuwaandalia wanafunzi vitu vyao. Mwezi wa tatu mwalimu wa biolojia, Bwana Primus, aliniomba wanyama wadogo wa majini. Sikuhangaika mbali. Nilikwenda kugeuza mawe ya mfongo wetu, pale juu mfereji unapoingia kihambani, kwenye migomba ya nyumbani. Kaka, maji yale tumeyachota tangu utoto, kumbe chini ya mawe kuna wenyeji wao!

Wapo minyoo bapa, wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, wenye macho mawili ya makengeza kana kwamba umewaamsha kwa fujo. Kwenye majani ya majini nikamkuta haidra, mdogo kama kipande cha uzi kilichofumuka ncha. Huyu haidra hana ubongo hata chembe. Bwana Primus alinieleza kwamba neva zake zimetandazwa mwili mzima kama wavu, hakuna mkubwa wa kuamuru. Huzaa kwa kuchipua ubavuni, kama mgomba, na kila chipukizi hujisukia wavu wake. Nilimgusa kwa unywele, akajikunja. Nikamgusa tena na tena, mwishowe akaacha kunijali. Nikauliza: kama ubongo hana, nani basi aliyenizoea? Bwana Primus alicheka, akakiri kwamba hata wataalamu bado wanalichimba hilo.

Alisema wengi wanadhani wavu kama huo ulitangulia, mamilioni ya miaka kabla ya ubongo wowote. Wanyama walipoanza kutambaa kwenda mbele, upande uliotangulia ndio uliokutana na mambo kwanza, chakula au hatari, basi neva zikajikusanya huko kidogo kidogo. Kichwa kikaanzia hapo. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, kwamba majivuno yetu yote ya kuwa na akili yameanza na mnyoo aliyekuwa na haraka.

Ila mnyoo bapa ndiye aliyeninyima raha. Ukimkata katikati, kichwa huota mkia, na mkia nao huota kichwa, pamoja na ubongo mpya na macho yake ya makengeza, kwa wiki mbili hivi. Nilisoma kwamba kuna watu waliowafundisha minyoo hawa kula kwenye chombo chenye sakafu ya mikwaruzo, kisha wakawakata vichwa. Vichwa vipya vilipoota, minyoo walionekana kujifunza tena upesi, kama waliobakiwa na kumbukumbu mkiani. Wengine wanabisha. Nami nikajaribu na wanane, kwa maini ya kuku. Wawili walivuka mikwaruzo upesi kuliko wageni wasiofundishwa. Bwana Primus akasema wawili si ushahidi, na ni kweli, lakini wiki nzima sikuwaza kingine.

Ndipo nikaanza kumtazama baba kwa jicho hilo hilo. Kiharusi kimemnyang'anya majina yote. Limebaki la marehemu mama, Sifael, na ndilo analoniitia mimi. Lakini Jumamosi asubuhi, zamu yetu ya maji, akisikia watu wanapita na majembe, huinuka mwenyewe. Huchukua majembe mawili. Moja huzolea tope kwenye mfongo, pole pole, na la pili hulilaza ukingoni. Nilidhani amechanganyikiwa. Nikalificha la pili, akakaa kizingitini, hakutoka mpaka nilipolirudisha. Jumamosi iliyofuata nikalishika mimi ili nimsaidie. Aliniondolea mkononi bila ukali, akalilaza pale pale, mpini ukielekea kushoto. Kaka, katika nyumba hii mwenye mkono wa kushoto ni mmoja tu.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo acha niseme. Wakati wa Pasaka uliniuliza kama ukija na jani la sale kuomba msamaha kimila, baba ataweza kulipokea. Nilijua unazungumzia ile mibuni yake uliyoing'oa ukapanda nyanya alipokwenda msibani Machame, akakufukuza. Nikakujibu kwamba baba hamjui mtu tena, na sale mkononi mwake litakuwa jani tu. Nilikudanganya. Sikuwa nimejaribu. Nilikuwa na hasira nawe, kwa kuwa uliniachia kumwogesha na kumlisha, na niliona si haki uje siku moja na jani, usamehewe, uondoke zako.

Jumamosi iliyopita nilikata ncha ya sale pale mpakani, nikampa baba kwa mikono miwili, nikamtajia Ezra. Alilipokea. Jina lako hakulitamka, nisikudanganye mara ya pili. Aliondoka nalo mpaka kwenye mfongo, pale anapolilaza jembe lako, akachimba, akalipanda, akaligandamizia udongo kwa ule mguu mzima. Sijui ni sehemu gani ya baba iliyokumbuka. Najua Bwana Primus angesema mara moja si ushahidi.

Niliomba kwa jina lako bila ruhusa yako, na kuja si kazi ninayoweza kukufanyia. Maji yetu hufika saa kumi na mbili asubuhi. Daktari ameonya kwamba kiharusi kingine kinaweza kuja wakati wowote, kwa hiyo nakusihi, iwe Jumamosi hii.

Msalimie sana wifi na uwabusu watoto. Jirani yetu Herieth anakusalimu, anasema bado anakudai mkungu wa ndizi uliomwahidi.

Lile jani ulilolitoa kwenye bahasha kabla ya kusoma si la baba. Ni langu, nakuomba wewe msamaha. Lisingepita kwenye simu. Mila unaijua: sale likishashikwa, halikataliwi. Nawe umeshalishika.

Ni mimi mdogo wako,
Priska Eliufoo