Salamu Zinafika, Faili Halifiki

Alhamisi. Ukungu umeshinda mjini Njombe, na mimi nimeshinda na koti ndani ya ofisi.

Asubuhi nzima nimegombana na kompyuta ya ghala letu la parachichi kule Makambako. Nilitaka faili la picha za mzigo kwa FTP, ile njia ya zamani ya kuhamishia mafaili ambayo bosi hataki kuiacha. Ninaingia, ninapokelewa, nywila inakubaliwa. Nikiomba orodha ya mafaili, kimya.

Nikakagua matabaka ya mtandao moja moja kuanzia chini, kama nilivyofundishwa chuoni. Waya ni mzima. IP, inayotafuta njia, inaiona ya kwenda Makambako. TCP, inayobeba data, inafikisha kila kipande kwa mpangilio. Juu kabisa FTP yenyewe inaitika. Nikamlaumu mtunza ghala kwa simu, nikamchomolesha nyaya na kuzichomeka upya mpaka akanionea huruma: "Dada, kwani huko kwenu umeme upo?"

Kosa lilikuwa langu.

FTP hutumia miunganisho miwili, mmoja wa maagizo na mwingine wa faili lenyewe. Wa kwanza niliufungua mimi. Wa pili niliungoja ufunguliwe kutoka Makambako, na ukuta wa moto wa ofisi yetu, ulinzi wa kuzuia wageni wa mtandaoni niliouweka kwa mikono yangu, ukawa unaufukuza kila ulipobisha. Nikabadili mpangilio ili kompyuta yangu ifungue yote miwili. Faili likashuka.

Nilipaswa kufurahi. Badala yake machozi yakanilengalenga, mtu mzima, mbele ya kompyuta.

Mume wangu, Lameki, alihamishiwa shule moja ya Mahongole, hapo hapo Makambako. Si mbali, ila haji, na mimi siendi. Kila jioni tunapigiana simu. Sisi Wabena hatuna haraka na salamu: kamwene, umeshindaje, baridi, mahindi, mama, ng'ombe wa mama, hadi majirani. Salamu zikiisha, na simu imeisha. Swali lenyewe, kama bado anataka kuishi na mimi, nimekuwa nangoja alianzishe yeye. Na akilikaribia tu, nakumbuka ghafla kwamba maharage yanaungua.

Nina upweke. Haya, nimeandika. Napika ugali wa mtu mmoja na bado unabaki.

Leo sikungoja jioni. Nilimpigia saa ya mapumziko ya shule. Akaanza, "Kamwene, mwenzangu. Baridi huko?" Nikaziruka salamu zote, utovu wa adabu ambao mama yangu asingeusamehe.

"Lameki, bado unanitaka?"

Nikasikia kelele za wanafunzi uwanjani. Kisha akasema taratibu, "Nilipanga vyumba viwili tangu nilipohamia. Kimoja hakina hata kiti. Nilikuwa nangoja useme unakuja."

Nikamwambia nakuja.

Kesho naomba ruhusa kazini. Ila wewe moyo wangu, muda wote huo ulikuwa unaogopa nini?