Kanuni ya Thelathini na Nane Imesimama, Mwalimu Felician

Ni mwaka mmoja sasa tangu ulipoliacha daftari lako mezani, Mwalimu Felician Margwe, na leo hatukuandikii kwa machozi. Tuna habari.

Wasiokufahamu wajue: kwa miaka kumi na tisa, kila ulipotoka darasani katika shule ya Nangwa, ulitafuta kanuni chache za sarufi ya Kiiraqw ambazo zingezaa kila sentensi ambayo Mwiraqw huisema, na zisizae hata moja asiyoweza kuisema. "Watu hawakukariri sentensi," ulituambia. "Wamebeba kanuni pasipo kujua."

Ulianza kwa kuwauliza wanafunzi wako: "Sentensi hii inasemeka?" Wakasimama, mikono nyuma: "Ndiyo, Mwalimu." Kila sentensi, ndiyo. Kanuni thelathini zikapita bila doa, ukachinja mbuzi. Wageni wakiwa bado wanakula, ukamsomea sentensi hizo shangazi Gaudensia aliyekuwa akipepeta maharage. Alicheka hadi ungo ukamponyoka.

"Mwanangu, nani anaongea hivyo? Ng'ombe?"

"Lakini shangazi, watoto wamekubali."

"Wewe ni mwalimu wao. Watakukatalia kwa mdomo gani?"

Ulichana kurasa kumi na moja palepale, mbele ya wageni. Tangu siku hiyo hakuna kanuni iliyoingia daftarini bila kupita kwa shangazi, maana yeye hakuwa na sababu ya kukustahi. Akikataa sentensi moja, kanuni nzima imeanguka. Hukuomba huruma, wala hukuwahi kumnunia.

Ya thelathini na nane, ya mwisho, aliiangusha mara tatu. Uliiandika upya ukiwa wodini, ukafariki kabla hajaisikia. Hilo ndilo lililotukosesha raha mwaka mzima.

Jumamosi iliyopita kaka yako Onesphory alimsomea shangazi sentensi zote za kanuni hiyo, mia moja na sita. Alipomaliza, shangazi aliinua kidole.

"Ile ya mwisho, rudia."

Akairudia.

"Hiyo nimeisema mwenyewe asubuhi, nikimwita Lucia!"

Vigelegele vililipuka, majirani wakaja mbio wakidhani kuna posa. Shangazi, ambaye hajui kuandika, ametia dole gumba chini ya ukurasa wako.

Imesimama, Mwalimu. Imesimama!

Unakumbukwa na mkeo Hilaria, wanao Lucia na Baltazar, kaka yako Onesphory, na shangazi Gaudensia, ambaye kila jioni anauliza kama hakuna nyingine. Tutakukumbuka daima, kila tufunguapo kinywa.