Shule Tatu Juu ya Meza ya Jikoni

Jumamosi, 3 Januari

Thuso amekubali! Amekubali, amekubali! Mume wangu kanipigia simu kutoka Kathu, zamu ya mgodini inaanza, malori yananguruma nyuma yake. Haya Gaone, kasema, watoto wasomee nyumbani muhula mmoja, halafu mwisho wa Machi tutazame.

Ila shule ya mwanangu Warona inataka jibu ifikapo Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu — anarudi, au nafasi apewe mwingine. Kwa hiyo sina hata wiki nne. Nichague mtaala, nipate madarasa ya mtandaoni, na nisiwaharibu wanangu wawili.

Nimecheza jikoni peke yangu. Atang, na miaka yake minane, akauliza kama tumeshinda bahati nasibu.

Warona hakucheza. Akauliza taratibu, neno likimkwama kama kawaida yake: "Kwa hiyo s-s-sirudi?" Nikamwambia hurudi. Akaingia chumbani, akafunga mlango. Baadaye kidogo nikamsikia anasogeza kitanda, anafagia, anapanga vitu. Hajaambiwa na mtu!

Jambo moja tu. Mama yake Thuso hajui lolote.

Jumatatu, 5 Januari

Sikujua mitaala iko mingi hivi! Ya serikali, ya Kiingereza, ya Kimarekani, ya dini, ya kusoma hadithi tu, ya kutosoma kabisa mpaka mtoto atake mwenyewe. Hiyo ya mwisho Atang kaichagua papo hapo.

Nimekwenda kwa jirani, Tannie Hettie, shangazi wa mtaa mzima. Watoto watano, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga shule, na mmoja sasa ni daktari wa mifugo. Kanipa chai ya rooibos na boksi zima la vitabu. Akaniasa: wiki ya kwanza usinunue kitu, mwangalie mtoto, usiangalie matangazo.

Nikasema ndiyo, Tannie. Huku simu yangu imeshajaza fomu mbili za majaribio!

Kwa hiyo mezani kuna shule tatu. Nimezipa majina. *Malkia* — mtaala wa Kiingereza, masomo ya video. *Bluu* — mtaala wa serikali, darasa la moja kwa moja kila asubuhi, mwalimu anakuona na wewe unamwona. *Kapu* — ya Tannie: hadithi, matembezi, na daftari la kuchora wadudu.

Jumatano, 7 Januari

Malkia leo. Video nzuri mno, muziki, rangi. Mwanamke mmoja mwenye sauti tamu anafundisha kuhusu siku ya theluji.

Atang kanyoosha mkono. Kasubiri. Kaushusha, kaunyoosha tena. Mwisho akaniambia, "Mama, huyu mwalimu hasikii."

Nikamweleza kwamba imerekodiwa. Akaitazama ile kompyuta kwa huruma kweli. "Kwa hiyo anaongea peke yake?"

Malkia ametoka. Zimebaki mbili.

Ijumaa, 9 Januari

Mungu wangu, Bluu!

Hisabati. Mwalimu ni kijana wa Durban, Bwana Naidoo, fulana yake imekunjamana. Watoto kumi na wanane kwenye vidirisha vidogo. Warona kazima kamera, kazima maiki, kakaa mbali na kompyuta kama vile itamng'ata. Swali la kwanza hakujibu. La pili nikaona vidole vinatembea — anaandika kwenye chati, kile kisanduku cha ujumbe.

Bwana Naidoo akasoma kwa sauti: "Warona wa Kimberley amepata. Na njia yake ni fupi kuliko yangu, hebu tuitazameni."

Hebu tuitazameni! Njia ya mwanangu!

Kajibu mara kumi na nne. Nimehesabu, nimejificha nyuma ya mlango wa friji kama mwizi. Darasa lilipokwisha akanigeukia: "Mama, huku m-mtu anasubiri nimalize."

Nikajifanya natafuta maziwa.

Jumapili, 11 Januari

Thuso alikuwa nyumbani siku mbili. Kakaa na Warona kwenye somo la majaribio la sayansi, katoka ametabasamu mpaka masikioni. Atang kamburuta uani wakachore kichuguu. Wamerudi wote wawili wameng'atwa.

Nikamuuliza: na Mma tutamwambia lini?

"Mwambie wewe."

"Ni mama yako, Thuso."

"Lakini mwalimu mkuu sasa ni wewe."

Tukacheka. Kaondoka saa tisa mchana, hajamwambia. Mama yake alikuwa mwalimu mkuu mtaani Galeshewe miaka thelathini na mmoja. Hata Thuso, na kifua chake chote kile, akimwona huchomekea shati.

Jumatano, 14 Januari

Leo shule zimefunguliwa. Na leo nimeshikwa.

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi — hodi. Mma Seleka mwenyewe, mlangoni, na jozi mbili za viatu vyeusi vya shule, vimepigwa kiwi mpaka unajiona. Na mfuko wa magwinya, maandazi yetu, ya moto. Kaja kuwasindikiza wajukuu zake siku ya kwanza.

"Sare ziko wapi?"

Atang katoka na pajama, lenzi mkononi. "Nkoko! Siku hizi shule iko jikoni!"

Mma kanitazama. "Gaone. Mtoto anasema nini?"

Nikasema yote, bila kumeza mate.

"Kwa hiyo mimi ni nani kwenye ukoo huu? Mpita njia? Nusu ya Galeshewe nimeifundisha kusoma mimi. Leo wajukuu zangu wamekosa mwalimu hadi wakamtafute ndani ya kioo?"

"Mma, walikuwa wanamwiga Warona. Akisimama kusoma, darasa zima linagugumiza naye. Muhula mzima alikula chakula chake chooni."

Hakulijua hilo. Nilimwona. Akashika ukingo wa meza.

Lakini Mma ni Mma. "Mtoto huyu hana kigugumizi. Ana aibu tu."

"N-n-ninacho, Nkoko." Warona, kasimama kwenye korido. "Ninacho."

Magwinya yanatoa moshi tu.

Mma akaweka viatu chini. Akavuta kiti, akavaa miwani. "Nionyesheni hiyo shule."

Basi akakaa somo zima la hisabati! Kanyoosha mkono, Bwana Naidoo akamwona. "Karibu, Mama, una swali?" Mma akasema hana swali, ana maoni: saba zake zinafanana na moja, watoto watapotea. Bwana Naidoo kafuta saba zote, kaandika upya. Warona kacheka mpaka akatoka machozi.

Kwenye geti Mma hakuniaga. Lakini karatasi zote za mitaala kaondoka nazo, kazibana kwapani.

Alhamisi, 15 Januari

Simu, saa moja asubuhi. Hakuna salamu.

"Nimesoma kila ukurasa. Kiingereza kipo. Kiafrikaans kipo. Kizulu kipo. Kitswana kiko wapi?"

Nikapekua. Hakipo! Wiki mbili nimelinganisha ratiba, mitihani, rangi za vitabu — na sikuona kwamba lugha tunayoitumia kugombania chumvi humu ndani haimo. Nimeona aibu kweli.

"Hukuona," kasema Mma. Wala hakunisema zaidi. Kakata.

Jumanne, 20 Januari

Nimeandika hii kabla ya kuosha vyombo, kwa furaha!

Mma kawapigia Bluu. Dakika arobaini na saba. Kitswana hawana mwalimu, wakamwambia, na hawaanzishi darasa bila watoto sita.

"Na nikiwaletea sita?"

Wakacheka kidogo, kwa heshima, wakasema basi hapo tutaongea.

Masikini, hawamjui. Kafungua daftari lake la zamani la majina, kapigia watu aliowafundisha. Mmoja yuko Mahikeng, mmoja Gaborone, mmoja muuguzi Leeds ambaye watoto wake hawawezi hata kumsalimia bibi yao. Hadi jioni: watoto tisa!

Leo wamemhoji kwa kamera, jikoni kwangu. Kavaa kofia ya kanisani. Walimuuliza ana uzoefu wa teknolojia? Akajibu, "Nimefundisha watoto sitini kwa chaki moja. Hiyo teknolojia yenu ina nini kigumu?"

Wamempa somo moja la majaribio, Jumatatu. Miaka sabini na mmoja! Alipomaliza akavua kofia, akaomba maji, akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

Ijumaa, 23 Januari

Nimeamua. Warona — Bluu. Atang — Kapu, na hisabati ya Bluu mara mbili kwa wiki, maana kamwomba Bwana Naidoo mwenyewe. Tannie Hettie kasema ndivyo wanavyofanya wote mwishowe, wanashona viraka. Ningelala kwa raha wiki nzima.

Ila Mma kaja kupanga somo.

"Kila mtoto atasoma kwa sauti. Zamu kwa zamu."

"Mma, Warona huandika kwenye chati."

"Kwangu hakuna chati. Lugha iko mdomoni."

"Akijifungia tena itakuwaje? Ndiyo kwanza kaanza kucheka."

"Na ukimficha mpaka azeeke?"

Tumejibizana, mimi na mama mkwe wangu, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na mitano ya ndoa. Nilipogeuka Warona yuko mlangoni, kasikia kila kitu. Kachukua karatasi ya somo, kaondoka nayo.

Thuso kwenye simu: mwache mtoto aamue. Rahisi kusema ukiwa Kathu! Barua ya shule bado sijaijibu. Yakiharibika Jumatatu, sijui nitamwambia Warona nini.

Jumatatu, 26 Januari

Naandika nimesimama kwenye korido, daftari nimeegemeza ukutani. Mma yuko jikoni na kompyuta. Warona chumbani kwake na tableti — kakataa kukaa karibu na Nkoko, anataka kuwa mwanafunzi kama wengine. Kutoka hapa naona kioo cha Mma juu ya bega lake.

Tisa wote wameingia, na Warona wa kumi!

Mma kaanza: "Simameni!" Wakasimama. Sasa naona mikanda kumi na matumbo kumi, hakuna kichwa hata kimoja. Mma kashtuka. "Kaeni! Vichwa virudi!" Wameanguka kwa kicheko, hata yeye.

Wanasoma. Hadithi ya ng'ombe aliyekataa kuvuka mto, kaiandika Mma mwenyewe. Wa Gaborone kasoma mbio. "Hatukimbizwi na mtu. Rudia." Wa Leeds wanakosea kila neno la tatu, Mma anawaacha wamalize, ndipo anawasahihisha. Anawasubiri! Mma Seleka, anasubiri!

Wa saba. Wa nane. Wa tisa.

"Warona."

Kamera yake imewaka. Maiki bado nyekundu. Natamani niingie nimshike bega. Siingii.

Mma hamwiti mara ya pili. Kaweka mikono mezani.

Kijani! Kawasha mwenyewe!

"K-k-k —" Limekwama. Neno la kwanza kabisa. Mtoto wa Mahikeng kafungua mdomo amsaidie, Mma kamnyooshea kidole: tulia. Hakuna anayecheka. Vidirisha vyote kimya, wanamtazama tu, kama watu wanaosubiri mwenzao afunge kamba ya kiatu.

"K-k —"

Bado. Shingo imemkaza, naijua shingo ile. Kidole chake kiko karibu na kitufe.

Hajazima. Kidole kimeshuka; anaanza tena neno lilelile.