Nilimwambia Hapana

Dada Neema,

Nakusalimu kutoka Katito. Jua lilituchoma asubuhi nzima, kisha mvua ya ziwani ikatukuta nyumbani kwa Mama Akoth, mjane mzee asiyeona, ambaye kanisa letu lilikuwa limempelekea unga. Tulikuwa tumemaliza tu kuomba kwa jina la Yesu. Mikono yake ilikuwa bado juu ya mfuko nilipoinua simu yangu.

"Kuna mtu anapiga picha?" akaniuliza. "Sitaki watoto wangu wanione nikipokea msaada."

"Hapana, Mama," nikasema, na papo hapo kamera ya simu ikalia, kacha!

Hakukasirika. Alinigeukia tu, akasema, "Binti yangu, nilikuuliza wewe kwa sababu wewe unaona."

Neema, nilitamani ardhi inimeze. Nikakiri mbele ya wenzangu wote kwamba nimepiga, nikaifuta ile picha, nikamwambia imefutika.

"Na hiyo nitajuaje?" akauliza.

Ilibidi aniamini mimi, niliyetoka kumdanganya sasa hivi. Akasema, "Haya, keti ule. Mvua bado." Akanisogezea ugali na omena, wale dagaa wa ziwani, nikala huku nimeinamisha kichwa.

Mkumbatie mama yetu kwa niaba yangu, na Mungu awalinde. Macho ya mama yetu yamechoka, najua wewe ndiye utakayemsomea kadi hii. Tafadhali msomee yote, hata haya ya kuniaibisha.

Mdogo wako,
Joyi