Ndoo za Mabibo Uani kwa Bi Somoe

Dada Anitha, shikamoo. Nipo Mandawa, Ruangwa, nimechoka hata kope nazihisi nzito. Baada ya kumaliza kutega Mnero nimekuja kutega nzi wa matunda hapa, uani kwa mwenyeji wangu Bi Somoe, kwa ndoo za mabibo, matunda ya mkorosho, yaliyooza. Leo mchana wakaja wazee kumposa binti yake. Harufu ikawapokea kabla ya mwenyeji. Wakadhani hapa panapikwa pombe, wakageuka kurudi walikotoka.

Nikawakimbilia juani, nikaeleza kuwa nimetoka Bukoba, ndoo zile ni mitego ya nzi, na nzi hawafanani matumbo: jeni ya kimeng'enya cha kusaga wanga hutofautiana, nayo ndiyo ninayoichunguza.

Mzee wao akanitazama sana. "Umetoka Bukoba kuja kupima matumbo ya nzi?"

"Ndiyo, mzee."

"Turudini," akawaambia wenzake. "Mtu wa kuficha pombe angetunga uongo mwepesi."

Posa imepokelewa. Ndoo zangu Bi Somoe kazimwaga zote, wala simlaumu. Kesho naanza upya. Jioni nikapewa wali wa wageni, na nzi wangu wakaja sahanini. Sikuwa na nguvu ya kuwafukuza wala ya kuwakamata. Tukala.

Ukipika ndizi, nikumbuke kwenye tonge la mwisho.

Mdogo wako, Deo