Moshi wa Alhamisi

Ijumaa, Agosti. Shella, Malindi.

Kusi linavuma tangu alfajiri, na kijimvua kinakuja na kwenda kama mgeni aliyesahau kitu. Nimekaa juu ya paa la slabu la nyumba yetu, kando ya mashine yangu, nimejifunika leso ya Mama. Baridi niliyo nayo si ya upepo.

Mwenzenu nimeingiwa na hofu, na nitaieleza kama ilivyo.

Kwa aliye mgeni hapa ukurasani: kazi yangu ni kupima hewa. Hii mashine huvuta hewa mchana na usiku, ikapima masizi yaliyomo, yaani zile chembe nyeusi za moshi, kisha hesabu zikanijia ofisini Kilifi kwa mtandao. Hesabu hizo tunailisha modeli ya tabianchi, nayo ikakisia mawingu na mvua za miaka ijayo. Mawingu hayajifanyi hivi hivi, hushikana kwenye chembe kama hizo. Kwa hiyo lazima tujue kusi linatuletea nini kutoka bahari kuu. Kusi ni hewa safi, na hewa zingine zote tunazilinganisha nayo.

Mashine ilikuwa iwekwe pengine. Mara chumvi, mara wezi, mara umeme umekatika, mpaka mimi kwa ujuaji wangu nikasema: iwekeni kwetu, wazee wangu wapo nyumbani. Nikasahau kwamba kwetu pana mama wa Kiswahili.

Kila Alhamisi baada ya Alasiri, Mama alifukiza. Usiku wa kuamkia Ijumaa nyumba isiponukia, alisema, ni nyumba ya watu gani? Anatia makaa kwenye chetezo, anaweka udi wake wa sukari aliopika mwenyewe, anazunguka chumba hadi chumba akimsalia Mtume. Na dirisha la chumba chake liko chini tu ya hii mashine. Basi kila Alhamisi kwenye grafu yangu palikuwa na mwiba: mstari unapanda ghafla, unashuka ghafla. Nilipomlalamikia alicheka mpaka akaketi chini.

"Yavuta hewa, ee? Basi nayo inukie, maskini."

Nifanyeje? Miiba ile ikibaki, modeli itaamini kwamba upepo wa bahari kuu una masizi, na mvua zote itakazokisia zitakuwa za uongo. Kwa hiyo kila nikisafisha hesabu niliufuta moshi wa Mama, na palipotakiwa sababu nikaandika: moshi wa nyumbani.

Mama alituaga kusi lilipoanza mwaka huu.

Mkuu wangu wa kazi amekuwa akinidai hesabu za msimu, nami nikimpiga chenga, maana ndani yake mna Alhamisi za mwisho za Mama. Jumatano nikajikaza. Niliufikia mwiba wake wa mwisho, nikaukodolea macho, nikaufuta. Nililia, nikanawa uso, nikajiambia kilichobaki sasa ni kusi tupu.

Hakikuwa kusi tupu.

Alhamisi ya kwanza baada ya matanga kuna moshi. Inayofuata, moshi. Saa ile ile ya baada ya Alasiri. Nikaikimbilia mashine yetu ya pili, iliyoko Kuruwitu, nikidhani pengine ni moto wa mashamba umefunika pwani nzima. Kuruwitu kumetulia tuli. Ni juu ya nyumba yetu tu. Na umbo lake limegeuka: si mwiba tena, ni kilima. Unapanda polepole, unakaa, unakataa kushuka hadi usiku uingie.

Mimi niliyesomea kemia ya angahewa, nikashika meza. Nikasema kwa sauti, ofisini, watu wakinisikia: Mama, ni wewe?

Na lililonitisha zaidi ni kwamba nilifurahi.

Furaha haikudumu. Kichwa cha kazi kikarudi, kikaniambia usome huo mstari vizuri, wewe mwanamke. Moshi unaopanda polepole na kukaa ni moshi uliofungiwa ndani, unavuja kidogo kidogo kwenye nyufa. Mama hakufunga dirisha hata siku moja. Alifukiza Baba akiwa msikitini, kisha akafungua kila kinachofunguka, moshi ukatoka, harufu ikabaki kwenye mapazia na mito. Alifanya hivyo kwa sababu Baba ana pumu. Maisha yao yote Baba alirudi akaikuta harufu. Moshi wenyewe hakuwahi kuukuta.

Na nyumba hii sasa ina mtu mmoja tu.

Yallah! Tangu msiba Baba amezidiwa mara kadhaa, amekimbizwa hospitali kifua kikilia kama filimbi. Tulisema ni huzuni. Tukasema ni vumbi. Shangazi yangu akasema ni kijicho cha watu. Hakuna aliyejiuliza mbona kila mara ni Ijumaa asubuhi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa tulikuwa tunakingoja kifo kije kituumbue.

Jana, Alhamisi, niliomba ruhusa nikapanda gari. Tulipopita Matsangoni nilikuwa nishajiona nimechelewa, nikimwonea dereva hasira bure.

Nilikuta madirisha yote yamefungwa, siku ya upepo mtamu kama jana. Niliingia bila hodi. Baba alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha Mama, chetezo miguuni, pampu yake ya pumu mkononi. Kachakaa baba yangu. Chumba kilikuwa cheupe kwa moshi, nami ile harufu ikanipiga kifuani kabla sijafungua mdomo.

"Shikamoo, Baba."

Hakushtuka. Alivuta pumzi, ikakwama, akaivuta tena.

"Marahaba. Funga mlango, mwanangu, itatoka."

Sikufunga. Nilifungua madirisha kwa vishindo nikisema maneno nisiyopaswa kumwambia mzazi. Nikamuuliza wataka nizike wawili mwaka mmoja? Nilikuwa nalia na kukohoa pamoja. Alinitazama tu, mzee wa watu, mpaka nikaishiwa.

Kisha akauliza, taratibu, kama anauliza bei ya kitu: "Wewe na masomo yako hayo ya hewa, Nuru. Yapatikana harufu bila moshi?"

Baba hajawahi kuniuliza swali la kazi yangu. Huniita daktari wa upepo, akacheka na wenziwe. Na swali lenyewe lina jibu. Chembe za moshi ni nzito kwa kifua lakini upepo huzibeba upesi, na mvuke wa udi hunasa kwenye pamba na mbao ukakaa siku nyingi. Mama alilijua jibu hilo bila kumuuliza mtu.

Nikamwambia yapatikana. Nikamwambia avae kanzu, aende msikitini mapema, akae na wenzake, asirudi mpaka asali Magharibi. Akaenda kama mtoto aliyeahidiwa kitu.

Nikawasha makaa mapya. Kopo la udi la Mama limebaki na kitako tu. Nikazunguka chumba hadi chumba kama alivyozunguka yeye, leso yake kichwani, nikimsalia Mtume, kisha nikafungua kila kinachofunguka. Upepo ukapita ndani ukachukua chake. Baba alipokaribia kurudi hapakuwa na moshi hata wa kuonekana. Nilikuwa chumbani kwa Mama nikitandika kitanda.

Nikasikia viatu vyake mlangoni. Akasimama. Akavuta pumzi, ndefu, safi, isiyokwama. Kisha akaita, kama alivyoita kila jioni ya maisha yangu:

"Mama Nuru, nishaingia."

Nami nikaitika.

"Labeka."

Wallahi sikufikiri. Lilitoka lenyewe. Na sauti yangu, wanaotujua watawaambia, ni ya Mama tupu. Hata shangazi akipiga simu alikuwa hatutofautishi.

Nilisimama na foronya mkononi, siwezi kwenda mbele wala nyuma. Baadaye nikasikia kiti kinavutwa. Nikatoka nikamwandalia chakula, akala akamaliza, hakuniangalia usoni.

Usiku alilala bila kifua kulia. Leo asubuhi kifua chake kimya. Nilimmiminia chai, akaipuliza, akasema: "Jana mama yako kafukiza vizuri."

Nilimtafuta machoni nione kama ananitania. Baba ni mtu wa mzaha. Sikuona mzaha, sikuona pia kuchanganyikiwa. Niliona mtu anakunywa chai.

Ndiyo maana niko hapa juu na baridi yangu. Nilitaka kumwokoa kifua. Sasa sijui nimemgusa wapi kwingine.

Nimefungua grafu ya jana. Kwanza kuna kile kilima cha Baba, kimekatika ghafla pale nilipofungua madirisha. Halafu mwiba. Juu ghafla, chini ghafla. Nimeulinganisha na wa Mama wa mwaka jana. Ukiniwekea yote miwili siwezi kukwambia upi ni wake.

Mkuu wangu anangoja, na modeli haitaki kujua habari zetu. Nimevifuta vyote, vilima vya Baba na mwiba wangu, kwa sababu ile ile, moshi wa nyumbani. Hesabu zimekwenda. Kusi la msimu huu ni safi.

Kopo la udi nitalijaza. Shangazi anajua Mama alivyopika. Alhamisi nitakuja tena, niwashe makaa, nifungue madirisha. Hayo nimeshayaamua.

Lakini akisimama mlangoni akaita tena, niitike, au ninyamaze?