Bomba Ulilolipinda kwa Amri Yangu

Yaya Bisimwa, kaka yangu mkubwa uliyeko upande wa Shabunda, kama bado uko,

Nimeandika barua nyingi za hadharani maishani mwangu, na karibu zote zilikuwa za kumkaba mtu koo. Magavana, wakurugenzi, wenye magari ya vioo vyeusi: sikumwogopa hata mmoja, na wasomaji wa gazeti hili wamezoea kufungua ukurasa huu ili waone nani anapigwa wiki hii. Wiki hii napigwa mimi. Najua kuna watakaosema mambo ya familia yabaki ndani ya familia. Hao hao walikuwepo miaka tisa iliyopita kwenye kilio cha mama, niliposimama na kukunyooshea kidole mbele ya watu wote, na hakuna aliyeniambia nikae. Basi wavumilie na hili.

Dada yetu Furaha amehamia hapa nyumbani. Nyumba yake ya Kadutu ilipasuka ukuta baada ya mvua kubwa, mteremko ukaanza kushuka nayo, akabeba wajukuu na masufuria akaja. Siku ya kwanza aliniomba ufunguo wa chumba cha mama. Siku ya pili alisema chumba ni baridi kama kisima, na kwamba anataka lile jiko la kupasha nyumba joto, shofaje yetu, liondolewe na kuwekwa jingine. Nilitafuta sababu za kukataa. Wewe unajua jinsi ninavyozipata haraka. Safari hii sikupata hata moja ambayo ningeweza kuisema kwa sauti.

Tangu ulipoondoka hatukuwahi kuliwasha, Yaya. Lakini mabomba yako hayakunyamaza. Mvua ikikatika mchana na jua likapiga paa, bati linaanza kugonga, tak, tak-tak, tak, kutoka chumba cha jiko mpaka chumba cha mama, sawasawa na nyundo yako ya mti. Najua sababu, nimesoma: chuma hupanuka kikipata joto. Nimejieleza hilo mara nyingi, nimesimama ukumbini na kalamu mkononi, na kila mara bado nimegeuka kutazama mlango. Siku hizi ni vibaya zaidi, maana ile njia ya hewa uliyoitengeneza inabeba sauti. Furaha akiongea huko nyuma, kwenye chumba cha jiko, sauti inatokea chumbani kwa mama, na wewe unakumbuka kwamba yeye na mama walikuwa na sauti moja. Juzi sauti hiyo iliniita nile. Nilikaa chini kwanza.

Unakumbuka jiko lilivyofika? Masista walikuwa wanabomoa jengo lao la zamani, wakakupa kwa sababu uliwatengenezea mifereji ya paa. Lile lililoachwa hapa na Wabelgiji lilikuwa limetoboka tumbo. Wanaume sita walilishusha jipya kwa kamba, huku mama amesimama barazani akiwaelekeza kama kamanda, blanketi mabegani saa sita mchana, kwa sababu mifupa yake ilikuwa imeshakataa baridi ya mji huu. Kisha likaonekana tatizo. Tundu la ukutani, ambalo hewa ya moto ingepitia kwenda vyumbani, lilikuwa la pembe nne. Mdomo wa jiko la masista ulikuwa wa duara.

Mtu mwingine angebomoa ukuta. Wewe ulitandaza karatasi za mifuko ya simenti sakafuni, ukapiga magoti, ukaanza kuchora pembetatu, moja ikiegemea nyingine, mpaka karatasi ikaonekana kama upepeo uliofunguliwa. Ulikata, ukahamishia mchoro kwenye bati, ukakata tena kwa mkasi wako, ukakunja kidogo kidogo. Kipande kilianza mraba na kuishia duara, na sikuweza kuona mahali mraba ulipokoma. Nilikuambia hiyo ni jiometri, kwamba Wagiriki waliandika vitabu vizima juu yake. Hukuinua hata kichwa.

"Na bo balikuwa na mabati?" ukauliza.

Mama alicheka mpaka akakohoa. Wiki nzima, kila nilipofungua kitabu, aliniuliza kama watu wa humo walikuwa na mabati.

Labda ndiyo sababu. Nimejiuliza mara nyingi. Labda nilitaka tu kushinda siku iliyofuata, kwa kuwa siku hiyo nilishindwa.

Kwa maana siku iliyofuata ilikuwa zamu ya bomba la moshi. La zamani lilipanda wima, likatoboa dari, likatoka juu ya paa, basi. Ulitaka kufanya vilevile. Mimi ndiye niliyesema hapana. Niligusa bomba la majaribio, nikaungua kidole, nikapata hoja. Nilisema joto lote hili linapelekwa mbinguni wakati mama anatetemeka. Nilisema Wabelgiji waliweza kuchoma kuni ovyo kwa sababu hawakuzibeba wao, ni migongo ya babu zetu iliyozibeba, na sisi hatuna haja ya kurithi ujinga wao pamoja na nyumba zao. Nilitaka bomba lilazwe, lipite chumbani kwa mama chini ya dari, ukuta hadi ukuta, limwachie joto lake, ndipo litokee nje upande wa bustani. Tonton Ciza, mdogo wa baba, alikuwepo. Furaha alikuwepo. Majirani wawili walikuwepo. Ilikuwa hotuba nzuri, Yaya. Nilizunguka chumba nikiitoa.

Ulinisubiri nimalize. Kisha ulisema, ukiniita petit, mdogo, kama siku zote, polepole, kama mtu anayesoma kipimo:

"Petit, moshi ikisha kupoa inachoka. Moto ikikuwa mudogo, itarudi ndani."

Ningeweza kuuliza kwa nini. Ningeweza kukuomba unionyeshe. Badala yake nilikuuliza, mbele ya wote, hayo umeyasoma katika kitabu gani. Wakacheka. Wewe uliyeacha shule ili zamu iwe yangu, nilikuuliza kitabu.

Mama ndiye aliyefunga mjadala, na alifanya hivyo kwa kujivunia mimi. "Bisimwa, fanya vile musomi anasema," akasema. "Miye nasikia baridi."

Ulifanya. Na ulifanya kama kwamba wazo lilikuwa lako: mapindo yamefungana bila mwanya, kila kiungo ukikipitisha kidole gumba macho yamefumbwa. Ulimwomba mama jambo moja tu, kwamba asifunge kabisa dirisha la chumba, aache nafasi ya upana wa kiganja. Aliahidi. Kwa miezi miwili chumba kilikuwa kizuri, moto ukiwa mkubwa, na mimi nilileta wageni kuwaonyesha bomba langu. Nililiita langu.

Halafu ikaja wiki ile ya mvua isiyokatika. Kuni zililowa, mama akawasha makaa kidogo tu, moto wa kulalia. Ile nafasi ya dirisha aliiziba kwa kitenge. Furaha alimkuta asubuhi, rozari mkononi, amelala upande kama anayesikiliza. Daktari alisema kilichomuua ni hewa ya makaa, ile isiyo na harufu.

Kitenge hicho, Yaya, nilikishika kwa miaka tisa kama wakili anavyoshika karatasi yake moja. Mama alikosea, nilijiambia. Angeacha dirisha. Lakini mzee mwenye baridi huziba dirisha. Wewe ulilijua hilo, ndiyo maana ulitaka moshi upande wima. Mimi ndiye niliyejenga chumba ambacho kosa dogo la mzee lingekuwa kifo.

Kwenye kilio watu walikuwa wameanza kunong'ona sumu, na kutafuta jirani wa kumbebesha. Tonton Ciza aliwakatiza, akauliza kwa sauti ni nani aliyetengeneza mabomba yale. Wote walikutazama. Furaha na tonton waliisikia hotuba yangu siku ile, lakini ni nani anayekumbuka hotuba? Watu hukumbuka mkono ulioshika nyundo. Nilikuwa na nafasi ya sentensi moja. Nikasimama, na nikatoa sentensi arobaini. Nilizungumza juu ya mafundi wasio na elimu, juu ya nchi ambayo kila mwenye mkasi hujiita fundi, juu ya mama zetu wanaokufa kwa uzembe. Sikusema jina lako. Sikuhitaji, nilikuwa nakuelekezea mkono.

Ulikuwa umekaa karibu na mlango, kofia magotini. Nilingoja useme. Nilikuwa na jibu tayari kwa kila ulichoweza kusema.

"Petit, umemaliza?" ukauliza.

Nikasema nimemaliza. Ukavaa kofia ukatoka.

Na bado sikuwa nimemaliza, kwa sababu wiki iliyofuata niliiandika hotuba ile hapa, katika ukurasa huu, na watu wakanipongeza barabarani. Wateja wako waliacha kuja. Mwanamke mmoja alikurudishia birika ulilomzibia tundu, akasema anaogopa. Siku moja karakana yako ilikuwa tupu. Tulisikia umeonekana mahali paitwapo Miti na mzigo wa vyombo vyako mgongoni, kisha hatukusikia kitu. Baadaye sana mchuuzi mmoja wa dhahabu aliniambia kwamba huko Shabunda kuna fundi wa bati mrefu, asiyeongea, anayewatengenezea wachimbaji makarai. Sikumuuliza zaidi. Niliogopa awe wewe, na niliogopa asiwe wewe. Sasa barabara zimekatika mara nyingi mno, wenye bunduki wamebadilishana njia, na mchuuzi yule haji tena.

Sasa nikueleze la wiki iliyopita. Furaha alimwita fundi kutoka mtaa wa Kasha, papa Murhula, mtu wa makamo mwenye maneno mengi. Alizunguka chumba cha mama akilitazama bomba kwa muda mrefu. Aligusa mapindo yako. Alisema hajaona mkono kama huu tangu mwalimu wake afe. Kisha alisema bomba lenyewe limelazwa na kichaa, na kwamba mambo haya mawili hayakai pamoja. Akaomba ngazi, akatoboa njia kwenye dari juu ya jiko, akaingia na tochi. Tulimsikia akitambaa.

Alituita. Furaha alipanda ngazi kwanza, mimi nikafuata.

Chini ya paa, wima juu ya jiko, ulikuwa umetengeneza tundu la kupitishia moshi, na shingo yake ya bati, na kifuniko juu kilichobanwa kwa vibanio tu, bila hata msumari, kiondoke kwa mkono. Pembeni yake, juu ya mbao, mabomba matatu yaliyonyooka yamefungwa kwa karatasi ya mifuko ya simenti. Papa Murhula aliifungua. Kwenye kila bomba ulikuwa umechora kwa ncha ya msumari: moja, mbili, tatu, na mshale unaoelekea juu.

Uliitengeneza njia ya kweli, Yaya. Uliitengeneza yote, ukaiweka tayari, ukangoja nibadili mawazo. Kazi ya mchana mmoja. Ungeniambia tu, mimi ningefanya hotuba nyingine. Kwa hiyo hukuniambia.

"Huyu fundi alijua," papa Murhula akasema. "Sasa nani alimulazimisha?"

Alikuwa ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye mwanaume wa nyumba. Furaha alikuwa amekaa juu ya boriti, vumbi kichwani, ananiangalia kama anayetafuta kitu alichokisikia zamani. Katika maisha yangu sijawahi kukosa maneno. Nilisema, ni mimi.

Furaha hakulia. Alikifuta kile kifuniko kwa pindo la kitenge chake, akakifuta tena. "Miaka kenda," akasema, "na ulikuwa unajua."

Nilikuwa najua.

"Ulisimama ile siku. Utasimama tena."

Jumapili aliita familia yote. Nilisimama pale pale. Tonton Ciza sasa hasikii vizuri kwa sikio moja, na kila nilipofika penye neno lenyewe aliinua mkono akaniambia nirudie kwa nguvu. Nililisema mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa napiga kelele kwamba mimi ndiye, wajukuu wa Furaha wakaacha kucheza uani wakaja kuchungulia. Hakuna aliyenifokea. Nilikuja nimejiandaa kwa kufokewa, hata naweza kusema nilikuwa na majibu. Tonton akauliza ile habari ya uzembe niliiandika wapi. Nikamwambia. "Basi uiandike na hii pale pale," akasema. "Ni kule ulimuchafulia jina."

Papa Murhula ameng'oa bomba langu. Amesimamisha matatu yako kwa kufuata mishale, na kwa kuwa jiko jipya lina mdomo mwembamba zaidi, amelikatia kiunganishi chake mwenyewe, huku akilalamika kwamba kinaaibika kukaa chini ya kazi yako. Aliwasha majani ya mkaratusi kujaribu. Nilitoka nje kutazama. Moshi ulipanda wima juu ya paa, bila shida yoyote, kama jambo ambalo halijawahi kuwa na ubishi.

Sikuombi urudi. Kuomba ni kubishana kwa njia nyingine, na mimi nimekushinda kwa ubishi mara ya kutosha. Furaha ndiye anayeomba; ameniambia niandike kwamba chumba cha mama ni chako, na kwamba hatalala humo kabla hujakataa kwa mdomo wako mwenyewe.

Na wewe unayesoma gazeti hili huko Shabunda, au utakayefungia samaki ndani yake: ukimjua fundi wa bati mrefu, mtu wa maneno machache, mkalishe umsomee. Kama hana muda, ruka yote, msomee mistari hii tu. Bisimwa, ulisema kweli kuhusu moshi. Ulitii kwa sababu nilikuaibisha. Mama aliuawa na hoja yangu, si na kazi ya mikono yako.

Mdogo wako, wa tumbo moja nawe